Barua ya wazi kwa kaka yangu: ile opera ya kwenye gemu na maharamia wetu wa ukumbi wa kanisa

Shikamoo kaka,

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu kila nikianza hii mada unanikatisha na "sasa hayo mambo yanakusaidia nini" afu bando inakata kabla sijakujibu. Leo najibu mpaka mwisho. Umeniuliza kwa nini mtu mzima mwenye kazi yake anakwenda Jumanne jioni, na mvua ya huku Manchester, kwenye ukumbi wa kanisa kuimba na wastaafu wanaojifanya maharamia, afu akirudi nyumbani badala ya kulala anawasha gemu la mwaka 1994 lenye watu wa vipikseli. Ukaniambia nichague moja basi. Kaka, siwezi kuchagua, kwa sababu kwangu ni kitu kimoja, na aliyenifundisha ni wewe.

Tuanze na gemu maana hilo unalijua. Final Fantasy VI, kampuni ya Square, ilitoka Japani Aprili 1994, Marekani wakaiuza kwa jina la Final Fantasy III na ndo maana sisi tulibishana miaka yote ile kuhusu namba. Muziki wote wa Nobuo Uematsu, mtu ambaye alijifundisha muziki mwenyewe, hakupita chuo cha muziki. Na katikati ya hilo gemu, wakati tumezoea kupigana na kusevu na kupigana tena, ghafla inakuja opera, igizo la jukwaani linaloimbwa. Opera kabisa! Setzer, yule mcheza kamari mwenye meli ya angani, ametangaza kwamba atamteka Maria, nyota wa opera, katikati ya onyesho, na akina Locke, mashujaa wetu, wanaihitaji ile meli. Sasa Celes sura yake inafanana na ya Maria, kwa hiyo wanamwambia vaa nguo zake, panda wewe, akuteke wewe. Celes ni jenerali. Amelelewa kupigana, amekimbia jeshi la Dola, na anawajibu wazi kwamba yeye ni jenerali sio mchekeshaji wa jukwaani. Afu pembeni anaanza kujaribu sauti. Hicho kipande nakipenda kuliko mapambano yote ya gemu.

Na kinachofuata ndo utaalamu wenyewe. Gemu halikuoneshi opera ukae utazame. Linakupa wewe maneno uyasome kwenye chumba cha kuvalia, uyakariri, afu unatoka jukwaani na kila ubeti ukifika unaulizwa mstari gani unafuata, unachagua, na ukikosea sana onyesho linavurugika na inabidi uanze tena. Hakuna upanga hapo wala uchawi, wala lile vesti kali ulilonunua halikusaidii. Kuna maneno, kucheza na kivuli cha Draco, shujaa wa ile opera, kuokota maua na kupanda nayo kule juu. Nimecheza magemu mengi tangu hapo na sijakutana na lingine lililoelewa hivyo mtu anavyojisikia dakika moja kabla ya kuingia jukwaani.

Afu Ultros. Pweza! Yuko juu kwenye boriti anasukuma chuma cha tani 4 kimwangukie Celes, na wewe Locke una dakika 5 za kupita kwenye mapanya mpaka umfikie, mnaanguka wote chini katikati ya onyesho, mnawaangukia waimbaji wakuu wanazimia, na yule mwenye jumba la opera yuko hoi hajui afanye nini. Ndo hapo Locke anasimama na kujitangaza mwenyewe kwamba yeye ndiye atakayemwokoa Maria, kwa sauti mbaya kabisa ya kuigiza, na bendi inaendelea kupiga, na vita na pweza inakuwa sehemu ya onyesho. Kaka, hiyo mi nimeiona ikitokea kweli ukumbini kwetu, sio pweza, ila mlango wa mapambo uligoma kufunguka na haramia mmoja, kazi yake mchana fundi bomba, akaimba mistari yake yote akiusukuma kwa bega kama ndivyo ilivyoandikwa, na watu wakampigia makofi kuliko waliyoyapiga usiku mzima.

Sasa hao maharamia. Tunafanya The Pirates of Penzance, opera ya kuchekesha ya Waingereza wawili, Gilbert na Sullivan, ya mwaka 1879. Gilbert aliandika maneno, Sullivan muziki. Kabla ya hapo walikuwa wametoa HMS Pinafore, 1878, ikapendwa mno, na kule Marekani makampuni kibao yakaipiga bila kuwalipa hata senti. Kwa hiyo hii mpya wakaamua kuizindua New York wenyewe, tarehe 31 Desemba 1879, walinde haki yao kule. Ila ili walinde na haki ya Uingereza ilibidi ioneshwe na huku pia, basi siku moja kabla, tarehe 30, kundi lililokuwa linazunguka na Pinafore likaipiga kwenye kijiukumbi kidogo huko Paignton. Mazoezi walifanya mara moja tu. Walipanda na karatasi mkononi wanasoma, wamevaa nguo zao zilezile za mabaharia wa Pinafore, wamejifunga vitambaa kichwani wafanane na maharamia. Hiyo ndo mara ya kwanza kabisa hii kazi kuoneshwa duniani! Kwa hiyo mtu akiniambia maonyesho ya watu wa mtaani ni ya kubahatisha sio sanaa yenyewe, mi namjibu hii yetu ilizaliwa hivyohivyo, karatasi mkononi na kitambaa kichwani.

Hadithi yenyewe ungeipenda, maana ina mantiki ya gemu. Frederic ameandikishwa na maharamia mpaka atimize birthday yake ya 21, sio miaka 21, birthday. Na kazaliwa tarehe 29 Februari. Hesabu mwenyewe, anatakiwa asubiri mpaka 1940. Na yeye anaheshimu mkataba, anarudi kazini kwa maharamia ingawa msichana, Mabel, binti wa mzee mmoja Meja Jenerali, anampenda na anasema atamsubiri. Maharamia wenyewe hawamgusi yatima kwa sababu na wao ni mayatima, na habari zimeenea, kwa hiyo kila meli wanayoikamata mabaharia wote ni mayatima.

Mi niko kwenye kwaya ya mabinti wa Meja Jenerali, sauti ya pili. Kuna sehemu Frederic na Mabel wanaimba mapenzi, wanavutana taratibu kwa mwendo wa waltz, moja mbili tatu, na sisi mabinti tumeambiwa tusiwasikilize, basi tunageuka pembeni na kupiga soga za hali ya hewa, ila soga zetu ziko kwenye mapigo mawili, harakaharaka. Vyote viwili kwa wakati mmoja juu ya bendi moja. Mazoezini ilitutesa wiki nzima na zaidi mpaka siku moja ikakaa, na ikikaa unasikia mwili mzima, huhesabu tena, uko ndani yake. Yule mama aliyesimama kushoto kwangu, nesi, alilia. Hivi kaka hilo nalo niambiwe halinisaidii kitu?

Na sio sisi tu. Huku vikundi vya hivi viko kila mji, chama chao cha kitaifa kimeanzishwa 1899. Gilbert alifariki 1911, hakimiliki ikaisha mwisho wa 1961, tangu hapo hizi zao yeyote anazipiga bure, ndo maana vikundi vidogo kama chetu vinaweza. Ukitaka muziki mpya unalipia leseni, na ndo maana mapumziko tunauza tiketi za bahati nasibu na keki. Kuna na tamasha kubwa la kazi za Gilbert na Sullivan huko Buxton, unapanda treni hapa stesheni ya Piccadilly kama saa moja hivi, kwenye jumba la opera la mwaka 1903, dhahabu kila kona, na wanaopanda usiku mwingine ni watu wa kawaida wenye kazi zao. Na tamasha hilo limeanza mwaka gani? 1994. Mwaka uleule wa gemu letu. Niliposoma hiyo nilisimama katikati ya barabara.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Ile konsoli ya gemu letu, Super Famicom, chipu yake ya sauti ilikuwa na chaneli 8 na kumbukumbu ya kilobaiti 64, picha moja tu ya WhatsApp inaizidi. Haiwezi kuimba. Uematsu alilijua hilo na bado akaandika aria, wimbo wa opera wa mtu mmoja. Akaweka sauti ya mlio tu, haina neno hata moja, inapanda na kushuka, na maneno yanapita chini kwenye skrini, na wewe uliyekaa hapo ndo unayaunganisha kichwani, unasikia mwanamke anaimba wakati hakuna mwanamke. Meli yetu ya maharamia ni mbao nyembamba na shuka lililopakwa rangi, na saa mbili kasoro taa zikizimwa watu 100 wanakubaliana kwamba ile ni meli. Kinachoifanya iwe meli ni wao. Mi napenda pale ambapo kitu hakijakamilika mpaka mtazamaji aweke cha kwake, na hivyo vitu viwili vyote ndivyo vinavyofanya kazi. Mwaka 2022 walitoa toleo jipya la gemu lenye waimbaji wa kweli kwenye ile opera, ni zuri, nimelinunua, lakini ukiniuliza mimi bado nachagua ile milio.

Na nani alinifundisha kuweka cha kwangu? Kumbuka kompyuta ya baba mdogo, emuleta, ile programu ya kuchezea gemu za konsoli kwenye kompyuta, inakwama kila feni ya dari ikiwashwa, Kiingereza mimi sijui hata kidogo, na wewe unasoma kila mstari na kuusema kwa Kiswahili hapohapo, kila mtu na sauti yake. Yule mwenye jumba la opera ulimpa sauti ya mjumbe wetu wa nyumba kumi. Kefka, yule adui kichaa, ulikiigiza kicheko chake mpaka mama anagonga ukuta. Na tulipofika kwenye opera ulisimama. Hukusoma, uliimba, uliyapanga maneno kwa mwendo wa ngonjera kama zile mlizokuwa mnatoa shuleni siku za wageni, na watoto wa jirani wako dirishani wameshika nondo, na ulipomaliza yule mdogo wao akakutunza shilingi 50 kama wanavyotunza kwenye taarabu. We unasema ulikuwa unanitafsiria gemu. Kaka, ulikuwa unapiga muziki wa jukwaani na waigizaji wote ulikuwa wewe!

Tena ulinionesha kitu ambacho nilikuja kuambiwa na kondakta wetu baada ya miaka: kwamba wimbo wa Celes, ule mtulivu, na ile aria ya opera ni melodi moja. Uliusikia kwa masikio tu, ukasimamisha gemu ukaniimbia zote mbili. Baadaye kabisa dunia imeshaharibika na Celes kaamka kisiwani peke yake, mi nilishajua kuisikiliza hiyo melodi. Mtu mwenye sikio la hivyo anakaa Tanga anauza vipuri na kusema muziki ni wa wenye muda. Hapana bana.

Kwa hiyo sikia. Desemba nakuja, na familia yote inakusanyika kwa mama. Nakuja na kitabu cha noti za Pirates na nataka tupige nusu ya kwanza palepale uani. Watoto wa shangazi watakuwa maharamia, ni wengi wanatosha na wana sauti. Mama mdogo kashakubali kupiga kinanda, nimeongea naye, yeye wa kwaya ya kanisa noti kwake sio shida. Na wewe ni Meja Jenerali. Ni wimbo mmoja tu mzito, ule wa maneno mengi ya haraka, maarufu kuliko yote waliyoandika, mzee anajisifia kwamba anajua hesabu na historia na mimea na kila kitu isipokuwa vita.

Usianze kwa kuuimba. Yaseme maneno kwanza, taratibu, unagonga meza kwa kidole, kila herufi isikike, na spidi usiikimbilie kabisa, inakuja yenyewe maneno yakishazoea mdomo. Pumzi vuta mwisho wa kila mistari miwili, weka alama kwa penseli. Na kuna sehemu tatu ambapo mzee anakwama, anatafuta kina na hakipati, kila mtu anasubiri, afu kinamjia. Hapo bendi inakungoja wewe, kaa kimya kadiri unavyotaka, waangalie watu usoni. Hizo tatu ndo zako. Nimekutumia sauti yangu nikiyasema polepole, iko kwenye WhatsApp tangu jana na naona tiki za bluu, kwa hiyo umeisikia.

Na ule mlango wa zamani nyuma ya banda la kuku mwambie mama asiuchome kuni. Upana wake unatosha ubavu wa meli, rangi nitanunua nikifika.

Mdogo wako