Silikanti si babu wa changu

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum. Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nisahihishe jambo lililotoka kwenye makala yenu ya karibuni kuhusu samaki wa kale wa bahari yetu. Makala ilipendeza kwa picha na kwa lugha, lakini iliandika kuwa silikanti, samaki wa kale ambaye bado yu hai, ndiye babu wa samaki wote tunaowala, na kwamba changu, tasi, nguru na jodari wametokana naye. Si kweli. Nafundisha sayansi hapa Wete na nimeona jinsi kosa hilo linavyoenea: ukurasa umekatwa, umebandikwa ukutani skuli, na wanafunzi wameshaunakili kwenye madaftari.

Silikanti anastahili heshima yake, sina ugomvi naye. Mwaka 1938 alivuliwa Afrika Kusini, karibu na East London, wakati wataalamu walikuwa wakiamini kuwa ukoo wake ulimalizika zamani pamoja na dinosaria. Mwaka 1952 akapatikana mwingine Komoro, kwa jirani zetu. Baadaye wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa kwenye majarife ya papa yanayotegwa maji marefu, na mwaka 2009 akanaswa karibu na Nungwi. Ni samaki wetu kweli. Lakini tazameni pezi lake: ni nene, lina nyama, na kwenye shina lake mna mfupa mmoja ulioungana na mwili, pale pale ulipo mfupa wa juu wa mkono wa binadamu. Kwa nasaba, silikanti yuko karibu zaidi na chura, kuku, ng'ombe na sisi wenyewe kuliko alivyo karibu na changu.

Sasa mchukue changu, umfumbue pezi la mgongoni. Utakuta vijiti vyembamba vya mfupa vimetandwa ngozi, kama mwavuli ulivyotandwa kitambaa. Nyama haipandi ndani ya pezi. Huo ndio ukoo wa samaki wa mapezi ya vijiti, wenye spishi zaidi ya 30,000 hivi leo, na karibu kila samaki anayeshushwa kwenye madiko ya Unguja na Pemba ni wa ukoo huo, ukiwaacha papa na taa ambao wana mlango wao. Silikanti walio hai ni spishi mbili tu. Koo hizi mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, na hakuna aliyemzaa mwenzake.

Ushahidi wake hauko mbali. Uko Madagascar, kaskazini, sehemu za Ambilobe. Huko hupatikana mawe ya mviringo yenye umri wa miaka milioni 250 hivi, mwanzo wa kipindi cha Triasiki. Samaki alikufa, akazama kwenye tope, na tope lililomzunguka likaganda kuwa jiwe kabla ya lile lililo mbali naye. Jiwe likipigwa nyundo kwa ustadi, linafunguka vipande viwili, samaki amelala ubavu ndani, nusu huku na nusu kule. Mara nyingi mfupa wenyewe umeshaliwa na maji, imebaki chapa yake, lakini chapa hiyo ni safi kiasi cha kuonyesha mistari ya magamba.

Katika mawe hayo wametoka silikanti wa kale, mmoja wao akiitwa Whiteia. Na katika mawe ya zama hizohizo ametoka samaki wa mapezi ya vijiti ambaye gazeti lenu halikumtaja, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu: Bobasatrania. Alielezwa kitaalamu mwaka 1932 na Errol White, Mwingereza yule yule ambaye Whiteia amepewa jina lake. Jina zima la samaki huyo, Bobasatrania mahavavica, limetoka kwenye mahali paitwapo Bobasatrana na mto Mahavavy, vyote vya Madagascar. Basi miaka milioni 250 iliyopita, maji ya sehemu moja tayari yalikuwa na silikanti kamili na samaki wa vijiti kamili, kila mmoja na umbo lake.

Katika samaki wote waliotoweka, huyu ndiye ninayetaka watoto wa visiwa hivi wamjue. Mwili wake ulikuwa bapa, mpana kutoka mgongoni hadi tumboni, pembe nne zimechongoka. Mkia umegawanyika panda mbili ndefu. Pezi la mgongo na la chini yalishuka kwa urefu kufuata kingo za nyuma za mwili mpaka karibu na mkia. Mapezi ya tumboni hakuwa nayo kabisa. Wengine walikuwa wadogo, wengine walizidi mita moja. Mdomo wake ulikuwa mdogo, lakini nyuma yake mlikuwa na kinu: bamba la meno juu na jingine chini, meno mafupi ya mviringo yaliyoshonana. Chini ya kila jino linalofanya kazi mlikuwa na mengine yamepangwa tabaka juu ya tabaka, la juu likichakaa la chini linashika nafasi. Meno ya namna hiyo hayakuumbwa kwa kufukuza dagaa. Ni ya kuvunja gamba la konokono, chaza na vitu vigumu vya chini ya bahari.

Hapa mwalimu hahitaji maabara. Nendeni sokoni Wete wakati mama anapaa pono. Mwambieni asitupe koo. Akishachomoa matamvua mtaona mifupa mizito, mmoja wa chini na miwili ya juu, imejaa safu za vijino vinavyosagana. Kwa vijino hivyo pono husaga matumbawe na kuyatoa mchanga. Nimewapa wanafunzi mfupa huo mikononi wakaupitisha meza kwa meza, na hakuna aliyeniuliza tena kinu cha kooni ni kitu gani. Niseme wazi ili nisizue kosa jengine: pono hakutokana na Bobasatrania. Ukoo ule haukuacha mzao. Kazi ya kusaga vitu vigumu imezuka kwa samaki mbalimbali, zama mbalimbali, kila mmoja kwa njia yake.

Makala yenu ilisema pia kuwa samaki waliotoweka walikuwa dhaifu, wakashindwa na walio imara. Hilo limeniuma zaidi kuliko lile la babu. Miaka milioni 252 iliyopita volkano za Siberia zilimwaga moto na gesi kwa kiasi ambacho bahari ilipata joto, ikapungukiwa hewa na maji yake yakawa makali. Zaidi ya asilimia 80 ya spishi za baharini ziliangamia. Hakuna kifo kikubwa kuliko hicho katika historia ya viumbe. Ukoo wa Bobasatrania ulikuwepo kabla yake, ukapita katikati yake, na baada yake ukaenea: visukuku vyake, yaani mabaki na chapa zake mawe­ni, vimepatikana Madagascar, Greenland, Spitsbergen, Kanada, na kwenye milima ya mpakani mwa Uswisi na Italia. Ulimalizika Triasiki ya Kati, miaka milioni 240 hivi iliyopita. Ukoo uliovuka janga kama hilo na kuishi mamilioni ya miaka baadaye hauitwi dhaifu.

Wako wanafunzi walioniuliza kama wakamtafute kwenye mawe ya huku. Jibu ni hapana. Chokaa ya visiwa vyetu, hii tunayojengea, ni changa mno kwa samaki wa umri ule. Lakini wakati Bobasatrania anaogelea, Bahari ya Hindi ilikuwa haijafunguka. Madagascar ilikuwa imeshikamana na Afrika, ubavuni mwa zilipo leo Somalia, Kenya na Tanzania. Maji aliyoishi yalikuwa jirani kabisa na pwani hii, na ndiyo maana nasema ni habari yetu pia. Watoto wetu wanaambiwa dinosaria wa Tendaguru, Lindi, na ni vyema. Mtoto wa Kojani au wa Nungwi, ambaye samaki anamjua kwa kumshika, angeelewa kisukuku cha samaki upesi zaidi kuliko mfupa wa dinosaria, na hajawahi kuonyeshwa hata kimoja.

Ombi langu ni mambo mawili. Kwanza, sahihisho litoke kwenye ukurasa ule ule wa makala, kwa maandishi ya ukubwa ule ule, kwa sababu walimu watalikata na kulibandika mahali pa lile la mwanzo. Likifichwa pembeni mwa matangazo halitawafikia. Na kabla ya makala nyengine ya namna hii, mwandishi wenu apite Taasisi ya Sayansi za Bahari, iko Unguja, watu wanaojua nasaba za samaki wapo.

Pili, mkiandika tena habari za samaki wa kale, mwekeni Bobasatrania na picha yake. Picha iwe kubwa kiasi cha meno kuonekana.

Mwalimu wa sayansi,
Wete, Pemba