Barua kwa Mwanangu Bakari: Nani Atachota Maji?

Muheza, Agosti

Mwanangu Bakari,

Assalamu aleikum. Huku kwetu wazima. Bibi yako miguu ni ile ile, lakini anakula na usiku analala. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unaniitikia "sawa mama, sawa mama" kabla sijamaliza, ukikata unafanya lako. Hii isome mpaka mwisho, halafu mpe mkeo naye aisome, maana yanayomhusu yeye humu ni mengi kuliko yanayokuhusu wewe.

Kaka yako ameniambia umenunua miche 14. Ameniambia mashimo yameshachimbwa, na Jumamosi unataka kuipanda yote, wiki inayofuata unapanda ndege kwenda Muscat, Oman, kwenye mkataba wa kazi wa miaka miwili. Miembe minne, michungwa mitatu, miparachichi miwili, mifenesi miwili, mishokishoki miwili na mdoriani mmoja. Nimemfanya anitajie mara mbili ili nisikosee.

Sasa niambie, nani atachota maji?

Huu ni mwezi wa nane. Masika yamekwisha. Vuli ikija mapema ni Oktoba, na vuli ya pwani unaijua, kuna mwaka inanyesha na kuna mwaka mawingu yanapita tu. Mche uliotolewa kwenye kiriba, kile kimfuko chake cha plastiki, ukatiwa kwenye mchanga wa Kigamboni mwezi huu unataka ndoo nzima ya lita 20, mara mbili kwa wiki, mpaka mvua zikolee. Miche 14 ni ndoo 28 kila wiki. Mkeo ana mimba ya miezi mitano. Hiyo Oktoba yenyewe ikifika atakuwa na saba.

Umesema mdogo wake atakuja kukaa naye. Mdogo wake anafanya kazi Kariakoo, anatoka alfajiri anarudi usiku. Umesema kuna kijana wa jirani atalipwa. Kijana wa kulipwa anamwagilia wiki ya kwanza na ya pili, ya tatu ana kazi nyingine. Mwishowe atakayeiona miche inanyauka dirishani ni mkeo Zuhura, na mimi namfahamu, hawezi kukiona kitu chako kinakufa akakaa. Atabeba ndoo. Usiniambie hatabeba.

Mimi nimewahi kuachiwa miche na mtu aliyesafiri, nikiwa hivyo hivyo alivyo yeye leo. Nafasi kubwa ya miaka iliyopo kati yako na dada yako unaijua, na sababu yake ulishaambiwa, sitairudia. Baba yako hakuwa na nia mbaya. Na mimi nilikuwa na mdomo, sikuufungua.

Kwa hiyo leo naufungua. Usidhani nakukataza kupanda. Nimekaa na wanawake wenzangu hapa nikawaambia mwanangu amejenga, na ameacha uwanja nyuma kwa ajili ya miti, hakuumwagia zege wote kama wengine. Hilo limenipendeza kuliko hata vigae vya sebuleni. Nimelelewa kwenye machungwa, na ninyi nimewasomesha kwa machungwa. Mtu anayetaka mti wa matunda nyumbani kwake hawezi kunikuta upande wa pili. Ninachokuomba ni upande ile ambayo watu unaowaacha wanaiweza.

Nianze na maji yenyewe. Nilipokuja Idi, chai ya kwanza tu niliyokunywa pale kwako nilijua kisima kina chumvi. Hukusema, nami sikusema kwa sababu kulikuwa na wageni. Mparachichi na mchungwa havipatani na chumvi. Utaona ncha za majani zinaungua rangi ya kahawia, kisha jani lote, kisha linadondoka, na mtu asiyejua atadhani ni kiu aongeze maji yale yale. Mwembe nao haupendi, ila unavumilia kidogo kuwashinda hao. Wanaoweza pwani ya namna hiyo ni mnazi na mkomamanga. Mkomamanga hautanuki ovyo, ni mti mfupi, na mtoto anachuma mwenyewe. Huo hukuununua.

Mishokishoki na mdoriani uliionea kwenye simu, nina hakika. Hiyo ni miti ya Unguja na Pemba, na ya huku juu kwetu njia ya Amani, mahali penye unyevu mwaka mzima. Wajerumani walipoanzisha bustani yao ya majaribio Amani mwaka 1902 walipafuata pale kwa sababu hiyo hiyo, mvua na ubaridi wa msitu. Mchanga wako unamwaga maji kabla mzizi haujanywa. Na huyo aliyekuuzia mishokishoki, ulimuuliza kama imebebeshwa, yaani imeunganishwa na kikonyo cha mti unaozaa, au imeoteshwa kwa kokwa? Mshokishoki wa kokwa unaweza kutoka dume. Unaulea miaka sita, saba, unatoa maua, tunda hakuna. Siku nyingine kabla ya kutoa hela tazama shina: mche uliobebeshwa una kovu au kifundo karibu kiganja kimoja kutoka chini, na juu ya kovu ganda lina sura nyingine. Usipoona kitu, huo ni wa mbegu, hata muuzaji aape.

Halafu nafasi. Uwanja wako wa nyuma una mita nane kutoka ukuta wa nyumba mpaka uzio, nilipima kwa hatua. Mwembe uliokomaa unataka mita nane mpaka kumi kwa mwingine. Minne utaiweka wapi? Itasongamana, itarefuka kutafuta jua, matunda yatakuwa huko juu peke yake kwa popo, na chini patakuwa na giza na ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, utakaa kwenye maua kila mwaka. Mwembe mmoja unatosha nyumba. Kila ukimaliza kuvuna unaukata vilele, haupiti kimo cha mtu kusimama kwenye ngazi fupi, na unachuma bila kumpandisha mtoto wa watu.

Mfenesi ndio ulionishtua zaidi. Kaka yako anasema shimo moja liko karibu na chemba ya choo. Bakari! Mizizi ya mfenesi inafuata maji popote yalipo, itaingia kwenye chemba, itapasua, na utakuwa Oman. Fundi atamlipa nani? Lifukie shimo hilo kesho. Mfenesi ukiutaka uende kona ya mwisho kabisa, mbali na ukuta na bomba, na uwe mmoja. Na huo usubiri masika.

Nikiwa wewe ningefanya hivi. Jumamosi panda mwembe mmoja tu, pale upande wa jikoni. Ndoo zake mbili kwa wiki ni maji ya kuoshea mchele na mboga, Zuhura anayamwaga hata hivyo. Yaliyofuliwa kwa sabuni ya unga au jiki asiyapeleke. Pale maji ya bafuni yanapotokea panda migomba mitatu au minne, hiyo haitaki mtu, inajinywea yenyewe. Kando yake mipapai. Papai unatia miche mitatu shimo moja, ikitoa maua unatazama: dume linatoa vikonyo virefu vinavyoning'inia, jike maua yake yamebana kwenye shina. Unang'oa madume unaacha moja la kuchavusha. Ndani ya mwaka mnakula. Mwambie Zuhura papai bichi asiliguse kwa hali yake, hata la kupikia mboga. Lililoiva halina neno.

Miche mingine yote iache kwenye viriba. Kwenye kiriba, kivulini, mche unaridhika na kopo moja. Hata mtoto kama Nasra anaweza kumwagilia akicheza. Masika yakianza Machi kaka yako atashuka kuipanda ile ya kupandwa, na kuanzia hapo Mungu ndiye mmwagiliaji.

Kama una hela ya ziada iliyobaki kwenye ile ya safari, usiongeze mche hata mmoja. Weka gata kwenye bati na tangi. Nyumba yako kwa makadirio ni mita za mraba 100 za bati. Mvua ya milimita 10 tu juu ya bati hilo ni lita 1,000, na hayo ni maji matamu yasiyo na chumvi. Ukiwa na tangi la lita 5,000 na koki chini, hapo nitanyamaza kuhusu michungwa. Tena uweke mpira wa kumwagilia kutoka kwenye koki, watu wasibebe ndoo. Bila tangi, bado nakuuliza nani atachota maji.

Huo mwembe mmoja nao uupande inavyotakiwa, maana haraka yako naijua. Shimo futi mbili kwenda chini, futi mbili upana. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Wa juu changanya na debe moja la samadi iliyooza kabisa, isiyo ya moto, urudishe kwanza. Chana kiriba, usiuvute mche kwa shina. Kifundo cha kubebeshea kibaki juu ya udongo, ukikifukia umepoteza hela. Zungushia kisahani cha udongo kushika maji, tandaza majani makavu unene wa vidole vinne, lakini yasiguse shina, mchwa watapita humo. Chupa ya lita moja na nusu itoboe tundu dogo kwenye kizibo, ikate kitako, ichimbie kichwa chini pembeni ya mzizi. Anayemwagilia anamimina ndoo kwenye kisahani na kujaza chupa, maji ya chupa yanaingia polepole chini, hayapotei na jua. Mwambie Zuhura anyweshe jioni, na mara mbili kwa wiki kwa kushiba ni bora kuliko kunyunyiza kila siku, kwa sababu maji kidogo ya kila siku yanaufanya mzizi ubaki juu.

Machipukizi yanayotoka chini ya kifundo yang'olewe kwa mkono yakiwa machanga. Hilo hata kwenye michungwa baadaye: chini ni mlimau, ukiyaacha yanaumeza mchungwa wote mnabaki na limau. Na mwembe wa kubebeshwa unaweza kutoa maua mwakani tu, bado mdogo. Zuhura atafurahi atataka kukupigia picha. Ayakate. Mwaka wa tatu au wa nne ndio auachie uzae.

Mwembe wa jirani ulioruka ukuta utamwaga maembe kwenu kuanzia Novemba. Yaliyoanguka yasilale hapo, ndiyo yenye funza wa wale nzi wa matunda waliotuingilia Afrika Mashariki mwaka 2003. Yatiwe kwenye mfuko mweusi, ufungwe, ukae juani siku kadhaa. Na wale chungu maji moto wanaoshona majani ya mwembe wasipuliziwe dawa, wanawinda wadudu kuliko dawa yoyote.

Mjomba wako aliyekaa Nizwa anasema huko mashamba ya mitende yanakunywa kwa mifereji ya zamani, falaji, na kila mtu ana saa yake ya maji, ikifika anafungua, ikipita anafunga, hakuna anayepanda zaidi ya zamu yake. Ukipata siku ya mapumziko nenda ukaone. Umwulize mwenye shamba kabla ya kupanda anahesabu nini kwanza.

Mengine. Hela uliyotuma ya bati la banda la kuku nimeipata, nimenunua na misumari, fundi anakuja Ijumaa. Dada yako amesema sare za harusi ni kijani, mimi sikuipenda rangi lakini nimenyamaza. Dawa ya bibi imebaki ya wiki mbili. Usitume wewe, una safari, kaka yako atanunua. Nakala ya mkataba wako, pasi na namba ya simu ya ofisi ya huko mwachie Zuhura, na nyingine niletee mimi. Usiniambie ziko kwenye simu. Kliniki yake ya mwezi wa tisa nani anampeleka? Hilo nalo sijasikia mkilisema, mmeongea miti tu. Mimi nitashuka mwanzoni mwa Novemba nikae mpaka ajifungue, nimeshamwambia mama yake. Na nikikuta ndoo mlangoni nitakupigia huko huko kazini kwako.

Mishokishoki, mdoriani na miparachichi nimeiombea nafasi kwenye kitalu cha hapa, inaweza kuletwa huku juu na isiharibike hela yako. Fuso la machungwa linashuka Dar Alhamisi na linarudi tupu usiku. Dereva amekubali kuipitia Mbagala kama utaisogeza pale kwa bajaji, viriba vifungwe vizuri visipasuke. Anataka jibu Jumatano kabla ya magharibi. Nipigie wewe mwenyewe, usimtume kaka yako.

Mama yako