Maseno iache, basi liende Dunga

Nakuru,
30 Agosti

Dada Akinyi,

Salamu kutoka huku kwenye baridi. Barua yako nimeipata, na mpango wa ziara ya gredi ya 5 nimeusoma mara mbili: asubuhi makumbusho ya Kisumu, saa tano Dunga ufuoni mwa Ziwa Viktoria, alasiri Maseno kwenye alama ya ikweta. Siku moja, watoto 48, basi moja. Dada, huo ni mpango wa dereva. Watoto watapanda na kushuka, watahesabiwa mara sita, na jioni watakumbuka soda. Chagua pahali pamoja. Na pa kwanza kuondoa ni Maseno, hata kama ndipo wazazi wanapopataka kwa ajili ya picha.

Hesabu yake ni hii. Shule yako iko kilomita kama 10 tu kusini mwa ikweta. Ukisimamisha ufito wa mita 1 uwanjani kwako na mwingine kwenye mstari wenyewe, adhuhuri vivuli vyao vitapishana kwa milimita 2 hivi. Ukingo wa kivuli peke yake una ukungu wa karibu sentimita nzima, maana jua si nukta, ni duara. Hakuna mtoto atakayeiona tofauti hiyo. Na ule mchezo wa beseni unaoonyeshwa sehemu nyingi za ikweta, maji yakizunguka huku upande huu na kule upande ule, usiwape watoto kama sayansi. Maji hayo hufuata mkono wa aliyeyamimina na umbo la beseni. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuyageuza katika chombo kidogo hivyo.

Ikweta unayo uwanjani, na Septemba ndio mwezi wake. Tafuta ufito ulionyooka, uuchimbie mahali ambapo kivuli cha paa wala mti hakifiki kati ya saa sita na saa saba, ubaki mita 1 kamili juu ya ardhi. Upime kwa timazi, yaani uzi na jiwe, kutoka pande mbili. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: ufito ukiinama digrii 1 tu, ncha ya kivuli inahama karibu sentimita 2, na mabadiliko ya kivuli kutoka adhuhuri moja hadi nyingine ni kama milimita 7. Inatosha watoto wawili kuuegemea wakati wa mapumziko. Basi timazi irudiwe kila siku kabla ya kupima, na iwe kazi ya mtoto mmoja anayejulikana.

Kuanzia saa sita na nusu hadi saa sita na dakika 50, kila baada ya dakika 5, watie msumari penye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote hakitakuja saa sita kamili. Mwanzoni mwa Septemba kitakuja yapata saa sita na dakika 41, na kufikia tarehe 23 kitakuwa kimesogea hadi dakika 33 hivi. Watasema saa ya ofisi imeharibika. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya digrii 45, inayopita karibu na Mogadishu, nanyi mko zaidi kidogo ya digrii 10 magharibi yake. Kila digrii ni dakika 4, wapige hesabu wenyewe.

Tarehe 1 kivuli hicho kifupi kitakuwa kama sentimita 14 na nusu, kikielekea kusini. Kitapungua siku hadi siku, na Jumatatu watakikuta kimeruka sentimita 2 kwa sababu ya siku mbili za nyumbani. Tarehe 22 au 23 kitapotea miguuni mwa ufito, kisha kitaanza kuota upande wa kaskazini. Siku ya mawingu waache pengo kwenye daftari. Kuna wajanja watakaolijaza kwa kukisia, na utawajua kwa sababu namba zao zitapungua sawasawa mno.

Sasa Dunga. Pale kuna kitu kisichoweza kuja shuleni, nacho ni ziwa. Lakini kwenda "kuona ziwa" hakutoshi, watoto wa Kisumu wameliona. Waende na swali moja: ndani ya maji haya jicho linaona hadi wapi? Kifaa cha kulijibu wakitengeneze darasani wiki moja kabla. Ni sahani ya Secchi, iliyopewa jina la kasisi Mwitaliano Angelo Secchi, aliyeanza kuitumia mwaka 1865, na wataalamu wa maziwa bado wanaitumia.

Chukua mfuniko wa ndoo kubwa ya rangi, uchore duara la kipenyo cha sentimita 20, ulikate. Uligawe robo nne, mbili nyeusi, mbili nyeupe, zikipishana. Rangi iwe ya mafuta isiyong'aa. Ile inayometa hurudisha mwanga wa jua na kumchanganya msomaji. Toboa tundu katikati kabisa, pitisha kamba, funga fundo juu na chini, kisha ning'iniza chini jiwe la kilo 1 hivi. Bila uzito wa kutosha sahani hupeperuka na mkondo, kamba inakaa upande, na kina kinasomeka kikubwa kuliko kilivyo. Kamba iwe ya manila, ile ya plastiki. Ya katani hujikunja ikilowa, na alama zote zinahama. Weka alama kila sentimita 10 kwa tepu ya mafundi wa umeme, kuanzia kwenye uso wa sahani. Wengi huanzia kwenye fundo. Kwa watoto 48 sahani 6 zinatosha, nane kwa moja.

Kupima kwenyewe: mmoja anashusha, mmoja anaangalia, mmoja anasoma kamba, mmoja anaandika, wengine wanasubiri zamu. Mshushaji anashusha polepole hadi mwangaliaji aseme "imepotea". Kamba ishikwe pale inapogusa maji, isomwe. Ishushwe zaidi kidogo, kisha ivutwe hadi "imeonekana", isomwe tena. Kina ni wastani wa hizo mbili. Mwangaliaji asimame upande wenye kivuli, pasipo mng'aro. Kila kundi lipime mara tatu, wakibadilishana mwangaliaji; namba zikitofautiana kwa sentimita 5 ni sawa, zikitofautiana kwa 30 kuna mtu hakungoja. Karibu na Kisumu, usishangae sahani ikipotea kabla ya mita 1.

Fikeni mapema, mpime kati ya saa nne na saa sita. Alasiri upepo wa ziwani unaamka, mawimbi yanapasua uso wa maji na hakuna kitakachosomeka. Ukienda kuomba ruhusa kwa kamati ya ufuo, BMU, waulize kama gati na njia ya mbao iko salama, au magugu maji yameifunika siku hizo. Nenda mwenyewe wiki moja kabla, simu haitoshi. Wakati kundi moja linapima, jingine linaweza kupima samaki wa mbuta pale wanaposhushwa: sheria hairuhusu walio chini ya sentimita 50, nao waone kipimo hicho ni kirefu kiasi gani mkononi. Wengine wakae kimya kwenye mafunjo wamtafute ndege mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, asiyeishi ila humo.

Kuhusu hatari, usilegeze hata moja. Mguu wa mtoto usiguse maji: konokono wa kando ya ziwa hutoa vijidudu vya kichocho, na ni wengi zaidi jua likiwa kali, yaani saa zenu za kupima. Kamba inayovutwa imelowa, kwa hiyo anayeivuta avae glavu ndefu za mpira. Mashua sioni haja yake. Kama mwalimu mkuu anaitaka, kila mtoto apate jaketi la saizi yake. Mwambie ainue mikono, mvute jaketi mabegani, na likimfika masikioni ni la mtu mzima, halimfai.

Kabla ya kuondoka, mwalimu ateke chupa mbili za maji, afunge vifuniko kabisa, zikae darasani usiku kucha bila kutikiswa. Tope litatua chini. Ukijani utabaki juu, na wakati mwingine utafanya utando. Hapo wataweza kusema kama ziwa limefunikwa zaidi na udongo uliokuja na mito kama Nyando, au na mimea midogo inayoshiba mbolea na majitaka. Chupa wasizifungue.

Makumbusho yatasubiri muhula mwingine, yapo tangu mwaka 1980 na hayahami.

Jambo moja la mwisho. Huku Nakuru nasi tunasimamisha ufito wa mita 1. Urefu wa vivuli vyetu hautatofautiana sana, ila kivuli chetu kifupi kitatangulia chenu kwa dakika 5 hivi. Nitumie namba zenu kila Ijumaa, saa na urefu, pamoja na siku za mawingu. Zetu nitazituma siku hiyo hiyo.

Wasalimie wa nyumbani.

Dadako,
Wanjiru