Kitambulisho cha Taifa kitoshe kutuvusha Namanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nieleze kwa nini ninaamini kwamba wakati umefika kwa serikali yetu kumruhusu Mtanzania avuke mpaka kwenda nchi jirani, kwa matembezi mafupi, akiwa na kitambulisho cha taifa peke yake. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Arusha, na mke wangu ni fundi cherehani. Tulijiwekea akiba kidogo kidogo hadi tukaweza kwenda Nairobi mwisho wa juma, tukatembea, tukarudi. Hatukwenda kununua bidhaa, hatukwenda hospitali wala msibani. Karibu kila tuliyemweleza habari ya safari alituuliza tunakwenda kufanya nini huko, na tulipojibu kwamba tunakwenda kuliona jiji, jibu hilo halikumtosheleza. Nimeona kwamba wengi wetu tumekubali, bila hata kulifikiria, kwamba mtu wa kipato cha kawaida hana haki ya kuvuka mpaka kwa ajili ya furaha yake tu.

Umbali hauwezi kuwa sababu. Kutoka Arusha hadi Nairobi ni takriban kilomita 270, chini ya nusu ya safari ya kwenda Dar es Salaam, na barabara ni ya lami mwendo wote kupitia Longido, Namanga, Kajiado na Kitengela. Kwa mkazi wa Arusha, makao makuu ya Kenya yako karibu kuliko makao makuu ya nchi yake mwenyewe pale Dodoma. Wala mpaka wenyewe si kikwazo kama zamani. Tangu kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji cha Namanga kizinduliwe na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta mwezi Desemba 2018, maofisa wa nchi zote mbili hukaa chini ya paa moja, na msafiri anayekwenda Kenya hugongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia ndani ya jengo hilo hilo. Wazee wa Arusha wanaokumbuka namna mpaka ulivyofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukakaa hivyo hadi mwaka 1983, wanajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Kikwazo ni gharama ya hati. Pasipoti ya Tanzania hulipiwa shilingi 150,000, na kwa mume na mke hizo ni shilingi 300,000 kabla hawajapanda gari. Tulipopiga hesabu baada ya kurudi, nauli zetu za kwenda na kurudi, chumba, chakula, viingilio na nauli za ndani ya jiji, vyote kwa watu wawili, havikufikia kiasi hicho. Hati iligharimu zaidi ya safari yenyewe. Najua nitajibiwa kwamba pasipoti hudumu miaka kumi, na kwamba kwa asiyeimudu ipo hati ya dharura ya safari ambayo bei yake ni nafuu. Jibu la kwanza linamfaa anayesafiri mara kwa mara, lakini mtu ambaye katika miaka hiyo kumi atavuka mpaka mara moja au mbili hubeba mzigo usiolingana na alichokipata. Jibu la pili lina kasoro yake pia, kwa kuwa mtu anayejiandaa kwa mapumziko hana dharura yoyote, na ili aipate hati hiyo inambidi aache kazi siku za juma aende ofisini na barua na viambatanisho, ambapo fundi asiyekaa kwenye cherehani yake siku hiyo haingizi kitu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inatambua uhuru wa raia kwenda katika nchi wanachama, na katika kifungu chake cha 9 inazipa nafasi nchi zilizokubaliana kutumia vitambulisho vya taifa vya kielektroniki kama hati za kusafiria zifanye hivyo. Kenya, Uganda na Rwanda ziliitumia nafasi hiyo tangu mwaka 2014. Mkenya leo huenda Kampala au Kigali na kitambulisho chake mfukoni, lakini akitaka kuja Arusha, ambako ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya yenyewe, huambiwa alete pasipoti au hati ya muda. Sisi ndio tuliobaki nyuma, na sioni kwa nini tuendelee kubaki.

Hoja ya usalama naiheshimu, kwa sababu nchi inayo haki ya kujua nani anatoka na nani anaingia. Lakini kitambulisho cha taifa hubeba picha na namba ya mwenye nacho, na alama zake za vidole zimehifadhiwa na mamlaka iliyokitoa. Ndicho tunachotumia kufungua akaunti benki, na kwa alama zile zile tumesajili laini zetu za simu. Kikiaminika kiasi cha kumkabidhi mtu fedha zake, kinaweza pia kuaminika kueleza yeye ni nani anaposimama mbele ya ofisa wa uhamiaji. Ni kweli kwamba wapo wananchi ambao kwa muda mrefu wamekuwa na namba bila kadi, nao wasisahauliwe, lakini hiyo si sababu ya kuwanyima walio nazo tayari.

Labda msomaji atauliza kama safari yenyewe ina thamani ya kupigiwa kelele kiasi hiki. Ninasema inayo. Tulikwenda kwa Noah hadi Namanga, tukavuka kwa miguu, tukapanda matatu upande wa pili, na kwa kufanya hivyo tulitumia fedha pungufu sana kuliko ambazo tungelipa kwa basi dogo la moja kwa moja, ambalo wakala wake alitutajia nauli kwa dola za Kimarekani ingawa tulikuwa tumesimama mbele yake katika mji wetu wenyewe. Fedha tulibadilisha katika duka lenye leseni na risiti, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo badala ya kuwasikiliza vijana wanaomfuata msafiri barabarani na noti mkononi. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo iwe tayari kabla ya kuondoka, maana huulizwa.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na mahali pazuri pa kulielewa jiji hilo ni Makumbusho ya Reli, jirani na stesheni ya zamani. Humo limehifadhiwa behewa ambalo ndani yake ofisa wa polisi Charles Ryall aliuawa na simba pale Kima mwaka 1900, akiwa amelala humo kumvizia simba huyo huyo. Nimewafundisha watoto habari za reli ya Uganda kwa miaka mingi kwa kutumia chaki na ramani, na sikujua ningeguswa namna ile kwa kuweka tu mkono juu ya mbao za behewa lile. Jengo la Nyaraka za Taifa, lililokuwa benki enzi za ukoloni, lina mkusanyiko wa sanaa za Kiafrika wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na kiingilio chake hakimtishi mtu. Anayekwenda mwisho wa juma afike Jumamosi asubuhi na mapema, kwa sababu mchana hufungwa. Msitu wa Karura, ambao mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake waliutetea usigawiwe wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, unatosha kwa nusu siku nzima ya kutembea chini ya miti, ndani ya mipaka ya jiji.

Lakini kama ningeulizwa ni mahali gani Mtanzania hapaswi kuondoka bila kupaona, ningetaja bustani ya kumbukumbu ya tarehe 7 Agosti, pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa mwaka 1998. Asubuhi ile ile ililipuliwa na ofisi ya ubalozi kule Dar es Salaam. Watu 213 waliuawa Nairobi na 11 Dar es Salaam, katika shambulio moja lililopangwa na watu wale wale. Ukutani yameandikwa majina, na mke wangu aliyasoma jina baada ya jina, mengi yakiwa ya watu waliokuwa kazini mwao asubuhi ya Ijumaa kama sisi wengine. Nilifikiri pale kwamba tumeunganishwa na majirani zetu hata katika msiba, na bado tunahesabiana kama wageni.

Hilo la kuhesabiwa wageni nalo lina bei yake. Katika nyumba moja ya kulala wageni mhudumu alitutajia bei ya chumba, kisha alipoona pasipoti zetu akasema ile ilikuwa ya wenyeji, ya wageni ni nyingine. Tulimshukuru, tukatoka, tukapata chumba safi mtaa wa pili kwa bei ile ile ya kwanza. Ningependa wafanyabiashara wa pande zote mbili wajifunze kwa hifadhi zetu za taifa, ambazo humtoza raia wa Afrika Mashariki kiwango kimoja kwa shilingi, awe Mtanzania au Mkenya. Makumbusho ya Taifa ya Kenya nayo ina viwango vyake kwa ajili ya watu wa Jumuiya, na tulinufaika navyo.

Jambo jingine linalohitaji kufanyiwa kazi haraka ni malipo. Sehemu nyingi za umma nchini Kenya hazipokei tena fedha taslimu, na malipo hufanyika kwa mfumo wa serikali wa eCitizen, kwa M-Pesa au kwa kadi ya benki. Sisi tulikuwa na noti za Kenya na laini za Tanzania, kwa hiyo tulisimama getini na fedha halali mkononi tukiwa hatuwezi kuingia, mpaka mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu akatulipia kwa simu yake tukampa fedha zake. Mungu ambariki, lakini utalii wa kanda hauwezi kutegemea wema wa anayefuata kwenye foleni. Benki kuu zetu na kampuni za simu zimekwisha kuwezesha kutuma fedha kutoka Tanzania kwenda Kenya kwa simu. Zishughulikie sasa na mtu anayetaka kulipia kiingilio.

Wakenya ni miongoni mwa watu wanaoongoza kwa kuitembelea Tanzania, na kila Desemba tunawaona hapa Arusha na magari yao na watoto wao wakielekea mbugani na pwani. Tunawakaribisha, na biashara zetu zinaneemeka. Sisi tunawarudishia ugeni huo kwa uchache mno, na ninaamini wengi wangefanya hivyo kama wangeona njia.

Uhamiaji na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa zote ziko chini ya Wizara moja ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa hiyo hakuna haja ya wizara mbili kuvutana. Ninaiomba Wizara, na ninawaomba wabunge wetu katika Bunge la Afrika Mashariki ambalo makao yake yako hapa hapa Arusha, waanze na mpaka wa Namanga peke yake, kwa safari za matembezi zisizozidi siku saba, kwa raia mwenye kadi ya kitambulisho cha taifa. Wafanye hivyo kwa mwaka mmoja wa majaribio, na Kenya iombwe kukipokea kitambulisho chetu kama sisi tutakavyokipokea cha kwao, kuanzia likizo ya Desemba inayokuja.

Mwalimu na msomaji wako,
Arusha