Mama Lusajo, kamba imefika kwako

Uyole, Mbeya
14 Juni 2025

Mama Lusajo mpendwa,

Ugonile! Habari za Mafinga na baridi yenu? Ya huku usiulize. Asubuhi ukitoa mkono nje ya blanketi unajuta. Baba Atu anakusalimu, mafua yamemkamata tangu wiki iliyopita na amekuwa kama mtoto wa kwanza kuota meno. Wengine wote wazima.

Najua utashangaa kuletewa barua na kondakta wa basi wakati simu ipo. Nimekupigia mara mbili, na mara zote mbili tumeishia kwenye habari za harusi ya mdogo wako, nikakata simu bila kusema kilichonifanya nipige. Tena jambo lenyewe lina mchoro, na mchoro hausomeki kwenye simu. Kwa hiyo kaa, mimina chai.

Nisizunguke. Kamati imekata mita tatu kwenye kiwanja chako, upande ule wa michongoma, urefu wote wa mita 25. Na mimi ni mmoja wa walionyoosha mkono.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Unaikumbuka ile kampuni ya upimaji ya mwanzo, tuliyoichangia mimi na wewe, ikaja na vijana wawili na darubini yao, wakapima siku mbili, halafu simu zikawa hazipokelewi? Basi watu walikuwa wameshakata tamaa. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka jana, mwenyekiti mpya akaitisha mkutano mkuu wa mtaa, akasema urasimishaji, yaani kupima viwanja vyetu na kuvipatia hati, unaanza upya, na safari hii hela haitoki mpaka kamati ya wananchi iridhike. Tukachaguliwa tisa. Mimi niliingia kwa kosa la mwandiko. Mtu fulani alisema, "Mwalimu mstaafu aandike mihtasari," watu wakapiga makofi, nami nikawa katibu kabla sijafungua mdomo.

Nilidhani kazi ya kamati ni kukaa kwenye mabenchi ya ofisi ya mtaa na kunywa soda. Kumbe ni kutembea. Mtaa wetu, kama unavyoujua, ulijijenga wenyewe: mtu alinunua shamba la viazi, akakata vipande, akauza, kila mnunuzi akajenga mlango kuelekea anapotaka jua. Njia ilikuwa popote watu walipopita. Na mpimaji alituambia waziwazi kwamba haweki bikoni, zile nguzo za mipaka, hata moja mpaka mchoro wa mipango miji upite, na mchoro haupiti kama kuna nyumba isiyofikiwa na barabara. Bila bikoni hakuna ramani ya upimaji, bila ramani hakuna hati. Huo ndio mnyororo, na pete yake ya kwanza ni njia.

Kilichowaamsha watu wengi lakini si hati. Ni choo. Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado kali, choo cha wapangaji pale nyuma ya mashine ya kusaga kilijaa. Wakaita gari la kunyonya. Gari likafika mpaka kwenye kona ya mwembe, likashindwa kukata. Wakaunga mipira, haikufika. Dereva akageuza, na bado alidai hela ya mafuta. Wiki nzima tuliishi na ile harufu, Mama Lusajo, wewe ulie kwenye msitu wa misindano unanusa utomvu huwezi kuelewa. Mkutano uliofuata ndio wa kwanza kuona watu wamejaa mpaka nje.

Upana ndio uliotugombanisha. Mpimaji alitaka mita 10. Wenye viwanja vidogo wakasema 4, zinatosha, mbona bajaji inapita. Mzee mmoja wa kamati, fundi ujenzi, akainuka na kijiti akachora chini: lori la fuso moja lina upana wa mita 2 na nusu, mawili yakipishana ni 5, weka na mtaro wa mita moja kila upande, 7. Akakaa. Hakuna aliyepata cha kumjibu. Mpimaji alinung'unika, lakini kwa njia za ndani akaikubali 7.

Basi tukachukua kamba ya manila, mimi na kina mama wawili tukaifunga vitambaa vyekundu kila baada ya mita moja, tukaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ungecheka. Jumatatu tulipima kwa yule bwana mwenye migomba, tukaweka vijiti. Jumanne tunarudi, nguzo za uzio wake zimetembea usiku, karibu nusu mita kuja barabarani, na udongo bado mbichi kwenye mashimo. Tukasimama tunaangalia. Yeye naye akatoka na kikombe cha uji, akasimama na sisi, anaangalia kama mgeni. Mwenyekiti wa kamati akamwuliza, "Baba, nguzo zako zimeota miguu?" Akasema labda ni ng'ombe.

Kelele kubwa ilikuwa ya fidia. Watu wanaona barabara kuu inapanuliwa njia nne, wanajua jirani fulani kule chini amelipwa, wanauliza kwa nini wao watoe bure. Ilibidi nieleze mpaka sauti ikakauka. Kule ni barabara kuu, ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na Sheria ya Barabara ya 2007 ndiyo iliyosogeza hifadhi ya barabara kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekuwa nje ya zile 22.5 akakutwa na sheria, huyo alipigwa X ya kijani, analipwa. Aliyejenga ndani yake alipigwa X nyekundu, anaondoka na matofali yake. Huku kwetu hakuna X yoyote. Barabara za mtaa ni za TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na kwenye urasimishaji ardhi ya njia tunaichangia wenyewe, kama tulivyokuwa tunachangia tofali za shule. Mama mmoja akaniambia, "Mwalimu, tofali nilikuwa nachangia moja, leo unataka chumba." Sikuwa na jibu zuri.

Sasa kwako. Njia ya juu, ile inayotokea kwenye kisima cha zamani, ilipofika kati ya kiwanja chako na ule upande wa pili, mstari wa katikati ulipita sawasawa na hesabu ilitaka mita moja na nusu kwako, moja na nusu kule. Lakini kule kuna yule mjane, unamfahamu, anayeuza maandazi. Kona ya chumba anacholala na wajukuu iko ndani ya hiyo mita moja na nusu. Kwako ni michongoma, nyasi na mti. Mjumbe mmoja akasema mstari usogee, uchukue zote tatu upande usio na nyumba. Mwingine akakataa, akasema mwenye kiwanja hayupo, si haki kumkata mtu mgongoni. Tulibishana saa nzima. Kura zikapigwa, sita kwa wawili, mmoja hakuwepo.

Ningeweza kukaa kimya nikaandika muhtasari tu. Nilinyoosha mkono. Kwa kura hiyo sikuombi radhi, nikirudishwa pale nitanyoosha tena. Ninachokuomba radhi ni kwamba sikukupigia kwanza. Nilijua siku mbili kabla kwamba jambo hilo linakuja, nikajiambia nitakupigia jioni, na jioni nikajifanya nimesahau. Niliogopa ungesema hapana, halafu ningefanya nini?

Kiwanja chako kilikuwa 20 kwa 25. Sasa ni 17 kwa 25, yaani kutoka mita za mraba 500 hadi 425. Nyumba ya vyumba vitatu inakaa bila shida, na mbele yako itapita njia ya kueleweka, siyo ule uchochoro wa mbuzi. Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii, mstari mwekundu ndio mpya.

Usidhani umeonewa peke yako. Kwangu limeondoka jiko la nje lote, pamoja na lile dohani Baba Atu alilojenga akawa anawaonyesha wageni.

Mengine ya kamati nitakueleza ukija. Bondeni tumezuia viwanja vipya, maana Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na baada ya tope la Mlima Kawetele lililofukia nyumba kule Itezi Aprili mwaka jana hakuna aliyebisha sana. Kasheshe iko kwenye lile eneo la wazi. Limebaki robo tu ya tulivyoliacha, na kila aliyejenga pale ana karatasi yenye muhuri. Vijana wanataka uwanja wa mpira, kina mama tunataka genge na zahanati, na mwenye mahindi pale anataka tumwache avune, kila mwaka anataka tumwache avune. Hilo bado ni bichi.

Sasa unachotakiwa kufanya. Ndani ya bahasha kuna fomu ya ridhaa, nakala mbili. Mchoro umebandikwa ofisi ya mtaa hadi tarehe 30 mwezi huu, na mwenye pingamizi anaandika kwa mtendaji. Ukitaka kupinga, andika, nitaipokea barua yako na kuisoma kwenye kikao kama ilivyo, bila kupunguza neno. Ukiridhia, weka sahihi nakala zote mbili, urudishe moja kwa basi la Alhamisi.

Na hili nakunong'oneza kama mwenzako. Karatasi yenu ya mauziano ina jina la Baba Lusajo peke yake. Fomu ya umilikishaji ikifika, andikeni yote mawili. Hati inaruhusu mke na mume kumiliki kwa pamoja, na Baba Lusajo ni mtu mwema, lakini kwenye hii kamati nimeona mambo ya wajane na mashemeji ambayo hata nikiyasema utasema natia chumvi. Mwambie mwalimu wa Atu ndiye kasema, asinichukie.

Mti. Nimeuacha mwisho makusudi. Ni ule mparachichi aliopanda mama yako. Umekutwa ndani ya mstari wa mtaro. Siyo barabarani, mtaroni, kwa sentimita 40. Nilimwomba mpimaji akunje mtaro kidogo, akaniuliza kama na maji nayo nitayaomba yakunje. Wamekubali usiguswe mpaka matunda yaliyopo yaishe. Wiki kadhaa zilizopita nilimwita kijana wa kitalu, akakata vikonyo kumi na viwili akabebesha kwenye miche yake, kwa kuwa ule ni wa kienyeji na anasema siku hizi watu wote wanakimbilia hass, mbegu kama ile inapotea. Saba naona vimeshika, vile vingine vimekauka ncha. Matunda yenyewe nimemkabidhi kondakta nusu gunia, ukiyaona meusi ujue safari ndiyo iliyoyaponda, hapa yametoka magumu.

Halafu nina shida na mimi. Jiko linajengwa upya upande wa pili na Mafinga mbao ziko mlangoni kwenu. Niulizie bei ya mbili kwa nne, vipande thelathini, zilizokauka, maana za hapa wanatuuzia zinatoa maji na zikipigwa jua zinapinda kama upinde. Nafuu ikiwa ya maana nitamtuma Atu na hela.

Ndaga fijo. Msalimie Baba Lusajo na watoto.

Mwenzako,
Mama Atu

Nb. Yule bwana wa migomba ameng'oa nguzo mwenyewe jana. Amezirudisha nyuma mita nzima, zaidi ya tulivyomwomba, na hataki kusema kwa nini.