Maji ya ardhini yafundishwe kwa mchanga, si kwa bwawa la buluu ubaoni

Ndugu Mhariri,

Mwanafunzi anayeamini kwamba chini ya ardhi kuna mto au ziwa ataamini pia kwamba uchafu ukiingia humo utasombwa uende zake. Imani hiyo huletwa na mchoro wa bwawa la buluu chini ya kisima, nami nawasihi walimu wenzangu wauache. Maji ya ardhini hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga na kokoto, au katika nyufa za miamba. Kwenye mchanga husogea polepole, mara nyingi sentimita chache tu kwa siku. Tabaka linaloyahifadhi na kuyapitisha ndilo akwifa.

Tuanze na kopo la lita 1. Litobolewe kitako kwa msumari, lizibwe kwa utepe wa gundi, litandikwe kitambaa ndani, kisha lijazwe mchanga mkavu. Wanafunzi wamimine maji kwa kipimo, taratibu, hadi yatokeze juu: zitaingia kama mililita 300 hadi 400. Wakizibua kitako, yatatoka pungufu ya hayo, kwa kuwa mengine hung'ang'ania chembe. Udongo wa mfinyanzi waweza kubeba maji mengi kuliko mchanga, ila nafasi kati ya chembe zake ni ndogo mno, hauyaachii. Hapa mwalimu asiharakishe. Kubeba maji na kupitisha maji ni mambo mawili.

Kisha itengenezwe akwifa katika beseni linaloonyesha ndani. Kokoto na mchanga vioshwe hadi maji yatoke meupe, la sivyo rangi haitaonekana. Weka kokoto sentimita 5, mchanga sentimita 5, halafu mfinyanzi sentimita 2 juu ya nusu moja tu, ukandamizwe vizuri ukutani mwa beseni. Ukiacha mwanya, maji yatapenya pembeni na somo litaharibika. Kichwa cha kubonyeza cha chupa ya sabuni ya maji ndicho pampu. Ncha ya mrija wake ifungwe kitambaa chepesi kwa uzi isizibwe na mchanga, nayo ifike kwenye kokoto. Mimina maji yaishie katikati ya mchanga. Yakifika juu kabisa, mwanafunzi hataona mpaka kati ya sehemu iliyoshiba maji na ile iliyo juu yake.

Dondosha rangi ya chakula kwenye mchanga ulio wazi, mbali na pampu, nyunyiza maji kama mvua, kisha vuta. Rangi itafuata pampu. Ndiyo sababu kisima kinachovutwa kwa nguvu huweza kuvuta uchafu kutoka upande ambao usingekifikia. Sasa waambie wausafishe mchanga kwa maji safi, wahesabu mibonyezo hadi rangi iishe. Watachoka kabla haijaisha, na hilo watalielewa kuliko hotuba yoyote.

Baada ya hapo waende kisimani na futi kamba. Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini, upimwe msimu wa mvua, si wa kiangazi. Sakafu ya zege kuzunguka kisima isiwe na ufa wala dimbwi. Lakini wasikariri hizo mita 30 kama kinga ya kila mahali: penye chokaa au miamba yenye nyufa, uchafu huweza kwenda mbali zaidi kwa muda mfupi, maana hakuna mchanga wa kuuchuja.

Mbolea ya nitrojeni na vyoo huongeza nitrati majini, yaani chumvi ya nitrojeni, ambayo haina rangi wala ladha ya kuitambulisha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita, kwa ajili ya watoto wachanga hasa. Kuchemsha huua vijidudu tu. Nitrati hubaki, na maji yakipungua kwa mvuke huzidi kukolea. Kwa hiyo kisima cha shule kipimwe nitrati pia, na matokeo yabandikwe darasani.

Wako,
Mwalimu wa jiografia