Karafuu Pemba au maji baharini?

Mwanaidi shoga,

Salamu za mbiombio maana umeme hapa unakatika ovyo. Sisi wazima, Mama Rama anakusalimia, anataka picha zaidi za theluji. Lawama zako za ukimya nimezisoma zote, tutazimaliza siku nyingine, leo nina shida.

Nimepata kazi ya kutafsiri hadithi ya Kiingereza, humo kuna bibi anayeokea keki mtaa mzima, sasa jirani kamletea keki, naye anacheka eti hiyo ni kupeleka makaa Newcastle. Newcastle zamani ndo bandari ya makaa ya mawe yenyewe, meli zinajazwa pale zinaenda London, kwa hiyo ukiwapelekea makaa umejichosha bure. Lakini msomaji wa Tanga ukimwambia makaa anawaza gunia na jiko, na Newcastle kwake ni timu ya mpira!! Nikaandika kupeleka karafuu Pemba. Mhariri kakataa kata kata, bibi wa Uingereza Pemba kaijulia wapi? Anataka kupeleka maji baharini. Sikatai, hata Wafaransa wanasema kupeleka maji mtoni, ila imepoa mno, ule utani wa mji unaoringia mali yake haumo. Warusi wana mji wao Tula, wanakotengeneza samovari za chai, wanamcheka anayekwenda huko na samovari yake kwapani. Hiyo ndo inanoga!

Halafu nyie huko Ujerumani mna msemo wa kupeleka bundi Athens, kwa vile ndege huyo alichorwa mpaka kwenye sarafu zao za kale. Sasa kama Mjerumani anataja mji wa Wagiriki na hakuna anayemuuliza kaujulia wapi, bibi yangu na Pemba kosa lake nini? Ingawa... bibi mwenyewe anakunywa chai yake, nje mvua ya kwao, mara paap karafuu. Aah, mhariri naye ana kakitu, usimwambie mtu.

Hebu niambie, hiyo ya bundi watu wanaisema kweli mtaani au ni ya wasomi tu? Watoto wanaielewa? Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji, shemeji ulimwelezaje, au alidhani ni ndovu? Wewe ungeweka karafuu? Jibu kabla ya Ijumaa basi, mhariri kanikalia kooni.

Shoga yako,
Saumu